Gari-nyumba Nyanda za Juu Kusini: tununue gari, au tuandae pa kulala?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kuagiza magari kutoka Japani, katikati ya IST, Harrier na Noah, siku hizi zinapita picha za aina nyingine: magari-nyumba, au kempa. Hiace imeng'olewa viti vya nyuma, ndani kuna kitanda cha mbao, sinki dogo, friji inayotosha soda chache na mapazia ya kahawia. Dalali anaandika "kempa, safi, haijatembea sana", na kabla ya jioni mjadala umeshawaka. Mmoja anasema hii ndiyo biashara ijayo ya Mbeya na Iringa: barabara kuu ipo, Ruaha ipo, Kitulo ipo, Ziwa Nyasa lipo, na hoteli za kueleweka huko porini ni chache. Mwingine anamjibu kwamba hakuna Mtanzania atakayelipa hela alale ndani ya gari wakati gesti ya elfu ishirini iko hatua chache kutoka stendi.

Wote wawili wana hoja, ila wote wawili wanaliangalia gari. Mimi ningeanza na swali la gari hilo litalala wapi, kwa sababu nikifuatilia soko la magari haya linavyokwenda duniani, na nikilinganisha na barabara yetu, naona hela ya ukanda huu imelalia upande huo kuliko upande wa kumiliki kempa.

Tuanze na Marekani, maana ndiko soko hili lilikopanda na kushuka kwa kishindo. Mwaka 2019 viwanda vya Amerika Kaskazini vilipeleka kwa wauzaji magari-nyumba na karavani za kukokotwa kama 406,000. Ikaja UVIKO-19. Ndege zikasimama, hoteli zikaogopwa, ofisi zikahamia kwenye kompyuta za mapajani, na riba ya benki kuu ikawa karibu na sifuri. Familia ambayo haikuwahi kufikiria kulala porini ikaona ni bora kubeba kitanda, jiko na choo chake. Mwaka 2021 idadi ikafika kama 600,000, rekodi ambayo haijawahi kuonekana. Mji wa Elkhart na vitongoji vyake, huko jimbo la Indiana ambako sehemu kubwa ya magari haya hutengenezwa, ukawa unagombania wafanyakazi.

Halafu mambo yakageuka. Kufikia Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba yake hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na kwa kuwa wanunuzi wengi wa vitu hivi hutegemea mkopo wa miaka mingi, marejesho ya mwezi yakawa mazito. Hoteli zilikuwa zimeshafunguliwa. Waliokuwa wakifanyia kazi popote wakaanza kuitwa ofisini. Mwaka 2023 viwanda vikapeleka kama 313,000 tu, karibu nusu ya ile ya miaka miwili nyuma, na mwaka 2024 idadi ikapanda kidogo, kama 334,000. Waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu wakajikuta wana gari linalokaa uani muda mwingi wa mwaka, lina bima, lina mkopo, na bei yake inashuka kila mwezi.

Sitaki tuishie kwenye hizo namba, kwa sababu chini yake kuna mabadiliko mengine matatu ambayo kwetu yana maana zaidi.

La kwanza ni ukubwa. Kwa wingi, Wamarekani bado wananunua karavani za kukokotwa, lakini kilichoshika mioyo ya wanunuzi wapya ni vani: mabodi ya Mercedes Sprinter, Ford Transit na Ram ProMaster yanayowekewa kitanda na jiko, yanayoingia mjini na kupaki pale pale yanapopaki magari mengine. Ulaya ndiko walikotangulia. Ujerumani iliandikisha magari-nyumba mapya zaidi ya 78,000 mwaka 2020, na vani zimekuwa zikichukua sehemu kubwa ya soko hilo. Thor, kampuni kubwa ya Marekani, haikuinunua Erwin Hymer ya Ujerumani mwaka 2019 kwa kupenda safari za Ulaya. Ilikuwa inanunua soko na ujuzi wa magari madogo pamoja na vingine.

La pili ni kukodi. Majukwaa kama RVshare na Outdoorsy yanamruhusu mwenye gari kulipangisha kwa mtu asiyemjua kwa siku tatu au wiki, bima ikiwa imepangwa humo humo. Mantiki yake inaeleweka hata kwa bibi yangu: kitu kinachotumika wiki chache kwa mwaka hakina sababu ya kuwa cha mtu mmoja.

La tatu, ambalo halizungumzwi sana huku kwetu, linatoka Japani. Huko magari ya kulala yanayomilikiwa yamepita 150,000, na mengi ni madogo kweli kweli: Hiace, malori mepesi yaliyojengewa chumba mgongoni, hata vile vigari vya injini ndogo isiyozidi cc 660. Wanunuzi wengi ni wastaafu na wanandoa ambao watoto wameshaondoka nyumbani. Na hawa hawakusubiri mahoteli. Tangu mwaka 1993 Japani imejenga vituo vya pembezoni mwa barabara vinavyoitwa michi-no-eki, ambavyo leo vimepita 1,200. Kituo cha namna hiyo kina maegesho ya bure, choo safi kinachofunguliwa saa 24, taarifa za barabara, na duka ambalo wakulima wa eneo lile wanauza mboga, matunda na vyakula vyao. Kwa utaratibu vituo hivyo ni vya kupumzika, si vya kuweka kambi, hivyo chama cha wenye biashara ya magari ya kambi kikaanzisha maegesho ya kulipia ambapo mtu anaruhusiwa kulala, mengine yakiwa ndani ya vituo hivyo hivyo. Wajerumani nao wana viwanja vya namna hiyo, vingi vikiendeshwa na halmashauri za miji midogo: unapaki, unalipa kidogo, unachukua maji na umeme, unamwaga maji machafu panapostahili, asubuhi unanunua mkate kwa mwoka mikate wa mji.

Kwa maneno mengine, gari la kulala lilifanikiwa pale ambapo mtu alikwishajenga mahali pa kulilaza. Turudi Uyole, pale Mbeya, na hilo kichwani.

Kwanza, gari lenyewe. Kushuka kwa soko la Marekani kumeacha mitumba mingi huko, na wapo wanaouliza kwa nini tusiichukue. Jibu ni rahisi: usukani uko kushoto, bodi ni pana, tairi na vipuri ni vya huko. Gari la mita kumi linalonesa kwenye barabara kuu za Indiana likifika mlima wa Kitonga nyuma ya malori ya Kongo litamkosesha dereva usingizi, na matuta ya kila kijiji kati ya Makambako na Igawa yatamaliza kabati na mabomba ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo tunabaki na Japani, ambako usukani uko kulia kama wetu na fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, anaijua injini ya Hiace kama anavyoyajua meno yake.

Hapo ndipo ushuru unapoingia. Chukua mfano wa kempa ya zaidi ya miaka kumi, injini inayozidi cc 2,000, ambayo TRA imeithamini kwa shilingi milioni 20 ikiwa imefika bandarini. Nasema "TRA imeithamini" makusudi, maana kikokotoo chao kina thamani zake. Bei uliyolipa mnadani si lazima iwe ndiyo wanayoitumia. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5. Ushuru wa bidhaa kwa injini hiyo ni asilimia 10 ya hizo milioni 25, sawa na milioni 2.5. Gari limepita miaka kumi, basi kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu: milioni 7.5. Jumla imefika 35, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni milioni 6.3. Umelipa milioni 21.3 kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili. Kempa ya milioni 20 imekuwa ya zaidi ya milioni 41, na bado iko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya.

Mtu wa upande wa pili atasema sawa, lakini Noah ya familia nayo inatozwa, mbona watu wananunua? Ni kweli. Tofauti ni kwamba Noah itabeba watoto Jumatatu, itakwenda msibani Alhamisi, na wakati wa mavuno itabeba hata magunia ya viazi. Kempa iliyojengewa kabati na choo inafanya kazi moja. Kama haijapata mgeni, imelala.

Na wageni wana misimu. Ruaha inapendeza kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanyama wanaposogea mtoni. Kitulo ni kinyume chake, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaoandika mipango ya biashara hii huchanganya hifadhi mbili hizi kana kwamba zina kalenda moja. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 413, na wageni hawaifuati kwa simba. Wanaifuata kwa maua, hasa okidi, ndiyo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yale yanachanua kati ya Desemba na Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Ukipandia Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, inayoitwa hivyo kwa idadi ya kona zake, udongo ukishalowa gari zito lenye tairi za lami haliendi popote. Kiangazi kikija barabara inakauka, lakini maua hayapo na baridi ndiyo hiyo: Juni na Julai asubuhi unakuta barafu kwenye majani kule juu, na kempa ya Kijapani isiyo na hita inageuka friji yenye mapazia. Mtu asije akaingiza jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa vioo ili apate joto. Watu wamekufa kwenye vyumba vya kupanga kwa mtindo huo, na gari lina hewa kidogo kuliko chumba.

Kwa hiyo gari linaloifaa Kitulo wakati wa maua ni Land Cruiser ya zamani au pikapu ya difu mbili yenye hema juu ya paa. Hapo soko la dunia na barabara zetu zinakubaliana: kidogo kinashinda kikubwa. Hema la paa halihitaji ushuru wa gari-nyumba, linafungwa kwenye gari lililopo, na msimu ukiisha linashushwa na kutundikwa gereji. Ruaha nako linafaa, maana mgeni analala juu huku tembo wanapita chini kwenye kambi za karibu na Msembe, makao makuu ya hifadhi, kitu ambacho wageni hulipia kwa furaha na wenyeji hushangaa kwa nini.

Sasa niipe nafasi hoja ya wanaotaka kuwekeza kwenye magari, maana si ya kupuuza. Wageni wanaotoka Afrika Kusini, Namibia na Zambia wakiendesha magari yao wenyewe wameizoea barabara hii miaka mingi. Wanaingilia Tunduma, mpaka wa Zambia, au Kasumulu, mpaka wa Malawi, na kupanda kaskazini. Wapo pia wale wa malori makubwa ya watalii ya Nairobi hadi Cape Town. Lakini yuko mgeni wa tatu, ambaye hana gari huku na hana miezi mitatu ya kuliendesha kutoka Cape Town. Huyu anashuka uwanja wa Songwe au anafika kwa TAZARA, ana siku kumi, anataka gari lenye kitanda. Leo akitafuta gari la namna hiyo atapelekwa Arusha au Dar es Salaam, na siku mbili za likizo yake zitaishia kwenye lami. Isitoshe, hifadhini gari lenye namba za nje hutozwa kwa dola, na kiwango hupanda kulingana na uzito, wakati gari lenye namba za Tanzania hutozwa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana. Mwenye gari la kukodisha lililosajiliwa hapa anaanza mbio akiwa mbele ya yule aliyekuja na gari lake.

Ujuzi nao upo. Fundi bodi wa mitaa ya Mbeya kama Soweto au Mabatini anayegeuza Hiace kuwa daladala yenye viti vya ziada hashindwi kuing'oa na kuweka fremu ya kitanda. Fundi seremala wa Mafinga, mji unaoishi kwa mbao, hashindwi kabati la jiko. Sola, betri na taa zimejaa madukani. Gharama ya kuijenga kempa hapa hapa kwenye Hiace ambayo tayari ina namba inaweza kuwa sehemu ndogo ya ile milioni 21 ya kodi tuliyoiona.

Kinachonitia wasiwasi ni hesabu ya siku. Kukodisha gari kwa watalii kunataka leseni ya biashara ya utalii, bima ya kibiashara inayokubali mteja aendeshe mwenyewe, na mtu wa kulifuata gari likiharibika Rujewa saa mbili usiku. Mwenye magari kumi anagawanya gharama hizo. Mwenye moja anazibeba zote. Marekani mtu anapangisha gari lake moja kwa sababu jukwaa limembebea bima na malipo. Hapa hakuna wa kumbebea. Ndiyo maana kijana anayeuza kiwanja chake Iyunga ili aagize kempa moja namwona yuko hatarini kuliko anavyojiona.

Na mteja wa ndani? Hoja ya gesti ni nzito kuliko wengi wanavyokubali. Mbeya, Iringa, Njombe, Makambako, kila mji una gesti zenye maji ya moto, kifungua kinywa na mlinzi wa gari. Mtanzania akisafiri analala kwa ndugu, na asipolala kwa ndugu analala gesti, na huko kwa ndugu akisema atalala kwenye gari nje atakuwa amewatukana wenyeji wake. Kuna na jambo la usalama na heshima ya kijiji. Gari geni likilala pembeni ya shamba la mtu bila taarifa, asubuhi mwenyekiti wa kitongoji atakuja na watu, na atakuwa na haki. Mgeni anayejua taratibu anaanzia ofisi ya mtendaji. Asiyejua anahitaji kiwanja kinachojulikana.

Sitaki kusema Watanzania hawatapenda kamwe. Vijana wa mijini wanaopanda Mlima Ngozi, wanaokwenda Daraja la Mungu pale Kiwira au kulala Matema ufukweni wanaongezeka, na wengi wao wanabeba mahema. Lakini hema lao ni la laki moja na nusu na wamekuja na Coaster ya kuchangia. Wanachohitaji ni mahali pa kulisimika, choo, maji, na mtu wa kuwachomea kuku.

Tumefika pale pale. Wa Afrika Kusini mwenye gari lake, lori la watalii, mgeni wa Songwe aliyekodi na kijana wa Mwanjelwa mwenye hema: wote wanne wanataka kiwanja. Na kiwanja hakijali soko la magari limepanda au limeshuka huko Indiana.

Mfano tunao. Kisolanza, shamba la zamani lililo kando ya barabara kuu, kama kilomita 50 kusini mwa Iringa, limekuwa kituo cha wasafiri wa namna hii kwa miaka mingi: nyasi za kupaki, maji ya moto, chakula kinachotoka shambani. Karibu kila anayeendesha kati ya Nairobi na Malawi amelisikia. Lakini toka hapo hadi mpakani viwanja vya kiwango hicho unavihesabu kwa vidole, na mgeni anajikuta anapaki uani kwa hosteli ya kanisa au nyuma ya kituo cha mafuta.

Tusisahau pia kwamba watu wengi wanaolala ndani ya magari kwenye barabara hii si watalii. Ni madereva wa malori ya Zambia na Kongo, wenye kitanda nyuma ya kiti, jiko la gesi kwenye boksi la pembeni na dumu la maji linaloning'inia. Foleni ya Tunduma ikikaza wanakaa siku kadhaa. Biashara ya kuwahudumia ipo tayari: paking zenye ukuta, bafu la kulipia, mama lishe, mlinzi. Mtu anayetaka kujua kama kiwanja cha wageni kitalipa akakae jioni moja kwenye paking ya malori pale Mpemba, karibu na Tunduma, au Makambako, ahesabu nani analipa nini. Atajifunza kwamba watu hulipia ulinzi, maji na choo, kwa mpangilio huo, na kwamba hivyo vingine vyote vinafuata.

Ukiongeza na somo la michi-no-eki, picha inakuwa pana. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu kando ya lami. Ilula wanauza nyanya. Ukishuka Tukuyu kuna ndizi, maparachichi na chai. Wauzaji hawa wanakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani, na kila mwaka wapo wanaogongwa. Halmashauri ikitenga ekari mbili tambarare nje ya barabara, yenye vibanda vya wakulima, choo kinachosafishwa na kona ya kulala magari usiku kwa malipo, itakuwa imewahudumia wauza vitunguu kwanza na wenye kempa pili. Mgeni akikosekana wiki nzima, nyanya bado zimeuzwa. Hiyo nguvu kempa ya milioni 41 haina.

Upande wa pili wa hoja hii nao una meno. Choo cha umma huanza vizuri na kuharibika upesi. Kila mmoja wetu anajua choo cha stendi kilichozinduliwa kwa utepe. Michi-no-eki zinafanya kazi kwa sababu kuna mtu anayewajibika kila siku, na mara nyingi duka ndilo linalomlipa. Halmashauri ikijenga na kuacha, bora ekari hizo zilimwe viazi. Kiwanja cha mtu binafsi, anayekaa hapo hapo na kula hasara yake mwenyewe, kina nafasi nzuri zaidi, ila naye atahitaji maji ya uhakika na mahali pa kumwaga kinyesi cha vyoo vya kubeba, maana gari la maji taka la mjini halifiki kila wilaya. Shimo lenye kina na mfuniko, lililo mbali na kisima, si gharama kubwa. Kulisahau ndiko kutakakoleta ugomvi na jirani.

Kuna na suala la ardhi, ambalo Kusini tuna kidonda chake. Mradi wa REGROW, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017 kwa ajili ya kuinua utalii wa Kusini, ulisitishwa 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha kuhusu kuondolewa na kuteswa. Unaweza kuwa upande wowote wa mgogoro ule, lakini kilichobaki ni kwamba neno "utalii" kwa mfugaji wa Usangu halisikiki kama linavyosikika kwa mwenye hoteli mjini. Kiwanja cha kambi kinachoanza kwa mkutano wa kijiji, kwenye ardhi ambayo kijiji kinaimiliki na kinapata kodi yake, hakitafanana na mradi mkubwa wala hakihitaji kufanana nao.

Wapo wanaouliza kuhusu magari-nyumba ya umeme, maana Winnebago na Thor walionyesha mifano yao mwaka 2022. Kwa barabara yenye milima kama Kitonga na vituo vya kuchajia ambavyo havipo, tuyaache kwanza.

Kwa yule ambaye kesha weka amana ya Hiace, au anayo tayari uani, nisingemwambia aiuze. Ningemwambia asiijenge moja kwa moja. Fundi achomelee reli mbili sakafuni zenye matundu ya bolti pale pale vilipokuwa viti, kitanda na kabati vikae kwenye fremu zinazofunguka kwa spana namba 17, na viti vya asili vitunzwe vikavu. Friji iwe ya kubeba, sola iwe ya kufungwa na kufunguliwa juu, na jiko litumike nje chini ya turubai, ambako wageni wengi hupikia hata wakiwa na la ndani. Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea apite kwa watu wa bima na trafiki awaulize wanakubali nini na hawakubali nini, kwa sababu gari lililobadilishwa bila idhini huanza kusumbua siku ya ajali, na siku hiyo mgeni atakuwa na wakili. Desemba hadi Aprili abaki na viti na safari zake za kawaida, harusi na misiba. Juni afunge kitanda, apeleke wageni wawili wawili Ruaha, na kabla hajawapeleka awe ameshapiga simu kujua usiku ule gari linalala wapi.